Gogo la Juu

Karakana
4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo na vumbi lako? Baba, shikamoo. Najua unasikia, maana mtoto wako hajawahi kufungua barua yangu bila kukusomea kwa sauti tangu neno la kwanza, na hii ameianza kabla hajanawa mikono.

Mimi ni mzima. Nimepata kazi ya kunitoa jasho. Mkuu wa maktaba anataka meza tatu ndefu za chumba cha kusomea, na hataki mbao za kuunga. Anataka mabamba: gogo lipasuliwe kwa urefu wake wote, kila bamba unene wa vidole vitatu, ukingo ubaki na mwendo wake wa mti. Uwe mti mgumu, uliokauka, usije ukapinda watu wakiwa katikati ya kitabu. Nimemwahidi mabamba tisa yawe hapa mwisho wa mwezi. Nimezunguka mji siku tatu naonyeshwa magogo mabichi yanayotoa maji.

Wewe unalo? Na ukilipata utalipasua kwa msumeno gani? Mimi napenda sahani ya Baba. Msumeno wa duara unakwenda kama mstari wa rula, randa yangu haiteseki. Lakini wewe ndiye mpasuaji, mimi nangoja mezani.

Mpe jibu dereva wa lori la mbao.

Dada yako,
Seremala


Kiwandani
8 Machi

Dada,

Barua imefika, na nilikuwa nimenawa. Baba amecheka, anasema marahaba.

Unahangaika nini mjini na kitu kiko kwetu? Lile gogo la juu lipo. Ule mti wa nyuma ya jiko, ulioangushwa na upepo miaka tisa iliyopita, tukaukata magogo mawili. Gogo la chini ndilo lililokuwa kwenye msumeno siku Baba alipoumia, na unajua alivyoagiza lichomwe lote, mbao nzuri vile, kisha akashinda siku mbili anachakura majivu mwenyewe, jicho likiwa na bandeji, kama anayetafuta viazi. Hili la juu hakuna aliyeligusa. Liko bandani, limekauka mpaka ukiligonga linalia. Mabamba tisa yanatoka bila shida.

Kuhusu msumeno, nimewaza. Ule wa mnyororo nimeufuta, utanichukua siku nne na utakupa bamba lenye mikwaruzo kama limepigana na paka. Jirani wa ng'ambo ya mto amenunua msumeno wa mkanda, ule utepe wa chuma unaozunguka magurudumu mawili. Unakula mti kidogo sana, unene wa ukucha, wakati sahani yetu kila ikipita inakula unene wa kidole. Ila kwenye mti mgumu mkavu namna hii mkanda unatembea: unaanza sawa, katikati unapanda, mwisho unashuka, unakuletea bamba lenye mawimbi. Kwa hiyo tumekubaliana, sahani.

Baba ameshaivua na anainoa. Ananoa kwa kugusa, unamjua, tupa mkono wa kulia, na kidole gumba cha kushoto ndicho jicho. Nimemuuliza itakuwa tayari lini. Amesema nikuandikie hivi: meno bado.

Mdogo wako,
Mpasuaji


Karakana
11 Machi

Mdogo wangu,

Baba, shikamoo.

Nimefikiri upya. Usitumie sahani. Tumia mkanda wa jirani.

Ulisema mwenyewe unakula kidogo, huenda tukapata hata mabamba kumi. Mawimbi si kitu, nitayamaliza kwa randa. Mwambie jirani afunge mkanda mpya, aache maji yadondoke juu yake, asukume polepole, hautatembea. Tena mkanda ukikutana na kitu kigumu unakatika, unasimama, umepoteza mkanda tu. Sahani ikikutana na kitu kigumu inatupa meno, na meno yale ya kupachika yakiruka hayachagui pa kwenda.

Au tafuta gogo jingine. Si lazima liwe hilo. Naweza kumwomba mkuu wa maktaba muda zaidi, ni mtu mwelewa.

Nijibu upesi. Leo nimekata mguu wa kiti mfupi kuliko wenzake, kosa ambalo sijalifanya tangu nilipokuwa najifunza kazi.

Dada yako


Kiwandani
15 Machi

Dada,

Nimemsomea Baba barua yako nikakwama katikati. Juzi sahani inakwenda kama rula, leo mkanda, na mawimbi si kitu. Wewe, uliyewahi kunirudishia ubao kwa wimbi ambalo hata fundi mwenzio hakuliona? Na hicho kitu kigumu ni kitu gani? Nilimuuliza Baba. Akasema labda jiwe, kwamba hata siku ile lilikuwa jiwe lililomezwa na gome. Kisha akaomba tupa nyingine.

Jirani hana msaada kwa sasa. Mkanda wake umekatika na mwingine hautafika mpaka mwezi ujao. Ni sahani au hakuna.

Nusu hii naiandika nimekaa kwenye rundo la magome, Baba hayupo. Dada, naogopa. Wenzangu wawili hapa wanadhani mimi ni mtu wa ibada sana kwa sababu kila asubuhi nasimama mbele ya msumeno nimefumba macho. Tangu nichukue nafasi ya Baba nimepasua mbao laini tu, vijiti vya dari, magogo membamba. Kila mti mgumu ulioletwa nimeukataa kwa kisingizio: mara gogo limepinda, mara mkanda wa injini umelegea. Hili lako nimelikubali kwa sababu ni lako. Ningesema nataka mkanda ungejua ni woga. Sasa wewe ndiye unayeutaka, nami najiuliza kama umeshanijua. Kama umenijua, usiandike. Baba atasikia.

Yeye mwenyewe yuko siku ya nane ananoa. Zamani alikuwa anamaliza kwa siku mbili. Kila jioni nauliza, kila jioni meno bado. Nadhani na yeye haniamini.

Mdogo wako


Karakana
17 Machi

Mdogo wangu,

USIMSOMEE BABA BARUA HII. Nenda nayo bandani uisome peke yako.

Usiliguse gogo hilo. Liache lilipo. Mwambie Baba mteja ameghairi. Hajaghairi, lakini mwambie hivyo.

Ningekueleza sababu, ila kila karatasi inayoingia nyumba hiyo Baba huisikia, na yapo maneno ambayo siwezi kuyaingiza mle. Ningemtuma dereva akwambie kwa mdomo, lakini mdomo wa dereva unasimama kila kituo. Barua hii nimeianza mara sita. Tano zimeishia kwenye jiko la kuchemshia gundi.

Hili la woga wako halihusiani. Ogopa. Endelea kuogopa, tafadhali.

Dada yako


Kiwandani
20 Machi

Dada,

Ona sasa ulichofanya. Nilifungua, nikasoma "Usimsomee Baba barua hii" kwa sauti kubwa, mbele yake, kabla akili haijafika. Akasema, "Endelea." Nikasema imeishia hapo. Akasema, "Dada yako hapotezi karatasi nzima kwa maneno manne." Nikasoma yote, hata la woga wangu. Hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu, kama mwandiko wako unatetemeka. Nikasema ndiyo.

Mimi ndiye niliyekasirika. Nilikufungulia moyo, na badala ya kunishika mkono unaniambia niseme uongo nikimbie. Nadhani unaogopa nitamdhuru mtu. Basi sikia lile ambalo sijamwambia yeyote. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa nasukuma gogo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mechi ilikuwa saa kumi. Baba alisema polepole, nami nikasukuma haraka. Nikasikia mlio, nikamwona ameketi chini kashika uso. Jicho moja lilitoka siku hiyo, na la pili likaanza kufifia mpaka nikawa namshika mkono kumpeleka chooni. Hakuna jiwe. Mimi ndiye niliyemtia Baba upofu. Ndiyo maana nitalipasua gogo hili, polepole, kama alivyosema. Nikishindwa na hili tufunge kiwanda, nikauze mkaa.

Nimechoka kungoja meno. Jana nimeichukua sahani nikampelekea mnoa misumeno wa kule barabarani, kamaliza siku hiyo hiyo. Baba alishika ukingo wa meza. Tunawasha Ijumaa tarehe 25, saa mbili asubuhi. Anasema atakaa pale pale alipokuwa siku ile. Nimemkatalia, hasikii.

Mdogo wako


Karakana
24 Machi, saa saba mchana

Baba, na mdogo wangu,

Soma kwa sauti. Kama injini inawaka, zima kwanza.

Gogo lina misumari. Ni misumari yangu.

Baba, Mama alipolazwa nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ukiwa chini, barabara ilikuwa haionekani. Nilichukua misumari ya inchi sita kwenye boksi lako, kumi na minne, nikaipigilia kwenye ule mti kama ngazi. Nikawa napanda mpaka kwenye panda ya matawi, nakaa, natazama kama gari linamrudisha. Halikumrudisha. Baadaye mdogo wangu akaanza kupanda naye, mtoto wa miaka minne, ukaniambia niing'oe. Niling'oa mitano nikakuletea mkononi. Tisa ilikataa. Koleo lilikuwa linateleza, nami sikutaka kuulilia ule mti tena. Nikaipiga nyundo mpaka vichwa vikazama, gome likafunga juu yake.

Upepo ulipouangusha, ulisimama mbele ya magogo ukaniuliza, "Ile misumari uliing'oa yote?" Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, fundi mwenye karakana yake, niliyezoea kugombeza watu kwa msumari uliosahauliwa kwenye ubao. Niliona aibu. Nikasema, "Yote, Baba." Nilisema upesi, kama mtu anayejibu salamu, nawe ukaniamini ukawasha.

Mdogo wangu, hukusukuma haraka. Hata ungesukuma kwa kidole kimoja, jino lingegonga msumari wangu. Umebeba mzigo wangu miaka tisa na mimi sikujua kama unao. Ningejua ningekuja kuuchukua. Nataka kuamini kwamba ningekuja.

Ndiyo sababu siji nyumbani, Baba. Wateja, homa, mvua, zile sababu zote nilizokuandikia, zilikuwa hiyo moja.

Barua yako inayotaja Ijumaa nimeipata sasa hivi, saa sita na nusu. Dereva amekubali kugeuza leo leo. Yuko nje, na kuna nafasi kando yake, amenikaribisha. Nilifika mpaka kwenye mlango wa lori nikaushika, kisha nikarudi ndani kumalizia barua. Naogopa kufika nimechelewa, na naogopa vilevile kufika nimewahi, nikutazame usoni. Nimemwomba asisimame njiani hata kwa chai.

Usiwashe. Usiwashe. Usiwashe.

Binti yako, dada yako


Kiwandani
26 Machi

Dada,

Mimi mzima. Baba mzima. Nimeanza na hilo ili upumue.

Jana saa mbili kasoro injini ilikuwa imeshawaka, sahani inazunguka, gogo limefungwa kwenye kigari cha reli. Mikono yangu ilikuwa inatoa maji nikawa naifuta kwenye suruali. Baba alikuwa kwenye kiti chake, hatua tano kutoka kwenye meno. Nilikuwa nimeshaweka kiganja kwenye kigari ndipo lori likaingia uani likipiga honi mfululizo. Dereva akaruka, akanipa barua, akasema amebanwa tangu mjini na ni kwa ajili yako, kisha akakimbilia nyuma ya banda.

Baba akainua mkono: zima. Nikazima. Akasema, "Soma."

Nilisoma nimesimama. Nilipofika pale uliposema sikusukuma haraka, sauti ikakatika. Wenzangu wakanishika wakanikalisha juu ya gogo lenyewe. Nimelia mbele za watu, Dada, mtu mzima na ndevu zangu. Baba alingoja, kisha akasema, "Endelea."

Nilipomaliza akaniagiza kopo la rangi lililo chini ya kitanda chake. Siku zote nilidhani anaweka tupa zilizokwisha. Mna misumari minne ya inchi sita, imeungua mpaka imekuwa myeusi, na mmoja una alama ya jino la msumeno. Aliitoa kwenye majivu ya gogo la chini. Alijua, Dada. Jiwe lilikuwa neno tu.

Nikamuuliza mbona hakusema. Amesema nitafute kalamu niandike, na nisiongeze langu. Haya ni yake:

"Mwanangu. Nilikuwa nakuona kule juu. Nikitoka jikoni naona miguu yako inaning'inia, nami sina la kukwambia kuhusu mama yako, napita. Nilipoipata misumari kwenye majivu nilisema moyoni, huyu akijua atavunjika. Nikasema jiwe. Kumbe ulikuwa unajua, na mdogo wako naye kajitwisha yasiyo yake. Nyumba moja, watu watatu, kila mtu kafunga mdomo kwa ajili ya mwenzake. Kosa hilo ni langu kwanza, na yeye nimeshamwambia.

Sikujua kama gogo la juu lina mingine. Ndiyo nikanoa. Mtu akiwa na sababu anaweza kunoa jino moja siku nzima. Jana nilikaa pale ili niseme simama kabla halijagusa, na nilikuwa bado natafuta namna ya kusema bila kukutaja. Namna haikuwepo, na kigari kilikuwa karibu kusogea. Siku niliyoumia sikuogopa hivyo.

Leo nimelipapasa gogo tangu asubuhi. Nimepata minne, mdogo wako ameichimbua kwa patasi. Kwa hesabu yako ni kumi na minne. Mitano uliniletea, minne iko kwenye kopo, minne ni ya leo. Mmoja bado. Nimepita mara tatu siupati, na bila huo hatulipasui kwa sahani, wala kwa mkanda wa jirani ukishafika. Mkuu wa maktaba utamwomba muda, ulisema ni mwelewa. Wewe ndiye uliyeupigilia, mkono wako utakumbuka ulipokuwa unashika. Lori linarudi huku Jumatatu, na dereva anasema nafasi ya kando yake ipo. Njoo na koleo."

Nimeandika yote kama alivyosema. Sasa amekwenda kulala, hili ni langu. Wakati anasema siupati, kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kimetulia mahali pamoja juu ya gogo, karibu na panda, na hakikusogea mpaka nilipoweka kalamu chini.

Sijamwambia kuwa nimekiona. Nimekuandalia kitanda.

Mdogo wako,
Mpasuaji